Zahanati Nayo Ijichore

Mwaka 1975 Ann Hartman, mtaalamu wa ustawi wa jamii wa Marekani, alibuni mchoro wa familia: duara katikati, taasisi pembeni, mstari mnene kwa uhusiano imara, uliokatikakatika kwa uhusiano dhaifu. Naona zahanati nazo zijichore hivyo. Nilipojaribu na timu yangu, dawati la jinsia la polisi, lililo mwendo wa dakika kumi, lilipata mstari uliokatikakatika; hakuna aliyejua jina la askari yeyote wa pale. Miaka yote hiyo tumewaandikia rufaa akina mama waliopigwa, tukaihesabu barua kuwa huduma. Walifika wangapi? Rejista yetu haina hata safu ya majibu. Mchoro wahitaji karatasi, kalamu na saa moja ya ukweli. Kisha mganga mfawidhi atembee dakika kumi hizo, akajitambulishe.