Maoni: Mlima unaotupa koltani ndio huo huo unaotuzika

Mwanzoni mwa mwezi Machi 2021, video moja ilizunguka duniani kote. Umati wa watu ulionekana ukichimba mlima wa Luhihi, katika eneo la Kabare, Kivu Kusini, kwa jembe na kwa mikono, kisha wakiosha udongo katika mabeseni wakitafuta dhahabu. Viongozi wa jimbo walilazimika kusimamisha uchimbaji.

Tumezoea kusema kwamba madini ni zawadi ya Mungu. Mimi sipingi. Lakini zawadi hiyo ina historia yake, na kutoijua kunatugharimu maisha.

Miaka karibu bilioni moja iliyopita, chini ya nchi ambayo leo ni Kivu, Maniema, Tanganyika na hata Rwanda, mawe yaliyoyeyuka kwa moto yalipanda na kupoa polepole, yakawa graniti. Ukichemsha maji ya chumvi, kadiri maji yanavyopungua ndivyo chumvi inavyokolea chini ya sufuria. Huko chini ilikuwa karibu hivyo. Mawe ya kawaida yaliganda kwanza. Tantali, niobi, bati na litiumu hazikupata nafasi ndani yake, zikakolea katika uji wa mwisho uliojaa maji. Uji huo ulipenya katika nyufa na kuganda kuwa mwamba unaoitwa pegmatiti, wenye chembe kubwa na mika inayong'aa. Koltani ya Rubaya ilizaliwa hivyo, na vilevile kasiterite na litiumu ya Manono. Maji ya moto yaliyoendelea mbele zaidi yaliacha bati na wolframu katika mishipa ya mawe meupe, ambayo wachimbaji wanaiita filoni.

Kolwezi ni habari nyingine. Shaba na kobalti ya kule viliachwa na maji ya chumvi yaliyopita katika matabaka ya matope na mchanga wa zamani. Kwa hiyo anayejua kutafuta shaba Kolwezi hajui bado kutafuta koltani Masisi.

Sasa tuulize: kama pegmatiti ni mwamba, kwa nini kijana wa Rubaya anaichimba kwa jembe? Jibu ni mvua. Kwa miaka mingi sana, mvua na joto la kwetu vimeuozesha mwamba huo mpaka sehemu yake kubwa ikawa udongo mweupe laini. Koltani na kasiterite hazikuoza. Ni nzito pia: kasiterite inazidi mchanga wa kawaida kwa uzito zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana ukiosha, udongo unakwenda na madini yanabaki.

Hapo ndipo penye hatari. Ulaini ule ule unaomruhusu maskini kuchimba bila mashine ndio unaofanya mlima uteremke mvua ikinyesha. Tarehe 11 Septemba 2020, huko Kamituga, mvua kubwa iliangusha mashimo ya dhahabu, na watu wanaokadiriwa kufika 50 walikufa. Rubaya nako tumezika mara nyingi. Kila mara tunaambiwa ni ajali au ni bahati mbaya. Mlima uliooza, ukatobolewa kila upande, ukanyeshewa, hauhitaji bahati mbaya ili uanguke.

Jambo la pili: tabaka hilo laini lina mwisho. Chini yake kuna mwamba mgumu unaohitaji mashine na mtaji. Tazameni Bisie, Walikale. Miaka ya 2000 maelfu ya watu walichimba kasiterite kwa mikono. Leo ni mgodi mkubwa wa chini ya ardhi, mmoja wa migodi yenye bati tajiri zaidi duniani, na mgodi wa namna hiyo hauhitaji maelfu ya vijana wenye majembe. Kilichochukua miaka bilioni kutengenezwa hakitaota tena kama mihogo.

Najua wapo watakaosema tatizo letu ni njaa na vita. Ni kweli. Rubaya ilitekwa na M23 mwaka 2024, na mwalimu wa jiolojia hazuii risasi. Lakini udongo unapoporomoka hauulizi nani anakusanya kodi siku hiyo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, watoto wa Masisi, Mwenga na Walikale wafundishwe shuleni mawe ya milima yao wenyewe. Pili, mawakala wa SAEMAPE, idara ya serikali inayopaswa kuwasaidia wachimbaji wadogo, waonekane kwenye mashimo wakipima miteremko na kufunga machimbo mvua inapozidi, si kwenye vizuizi tu. Tatu, kumbukumbu nyingi za jiolojia yetu tangu ukoloni zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Serikali ihakikishe nakala zake zinafika kwenye vyuo vikuu vya Bukavu, Goma na Lubumbashi, na zinasomwa.

Wageni wanaonunua madini yetu wanajua vizuri yalivyozaliwa na yatakwisha wapi. Haifai anayeingia shimoni awe ndiye peke yake asiyejua.