Tuhesabu Kazi Kama Tunavyohesabu Ng'ombe

Ng'ombe akiingia mnadani Katesh huwa tayari ana karatasi. Kibali chake kinataja alikotoka, mwenye mali anajulikana, ushuru unakatiwa risiti, na jioni mtu wa halmashauri anaweza kukuambia wameingia wangapi na wameuzwa wangapi. Lakini kijana aliyemswaga ng'ombe huyo kutoka Basotu, fimbo begani na vumbi hadi kwenye kope, haandikwi popote. Hakuna daftari linaloonyesha kama hulipwa kwa siku au kwa idadi ya mifugo, wala kama mwezi ujao atapata kazi nyingine. Wananchi wenzangu wa Hanang na Mbulu, naliweka neno hili mbele yenu bila kuzunguka: vijiji vyetu vihesabu kazi, na vihesabu kila mwezi.

Kule Marekani serikali hutangaza kila mwezi hali ya ajira ya taifa, na ya kila jimbo pia. Utafiti wao wa kaya ulianza mwaka 1940, na siku hizi huhusu kaya zipatazo 60,000. Sisi tunao Utafiti wa Nguvukazi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliofanyika 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Ni kazi ya maana, nami sina ugomvi nayo. Ukosefu wa ajira Tanzania Bara ulikuwa asilimia 11.7 mwaka 2006, ukawa 10.3 mwaka 2014, na katika 2020/21 ukakaribia 9. Lakini angalieni miaka hiyo. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza 2014 alikuwa amefika la saba 2020, na katika muda wote huo hapakutoka utafiti mwingine wa namna hiyo. Diwani wa kata anayetaka kujua vijana wake wafanye nini mwezi wa kumi atasubiri vipi miaka sita?

Na kwetu mwezi ndio kila kitu. Mvua zikishika mwishoni mwa mwaka, hakuna mkono unaolala: kulima, kupanda, kisha palizi. Katikati ya mwaka yanavunwa mahindi na ngano, halafu zinafuata mbaazi, na kazi ya kupiga, kupepeta na kujaza magunia. Baada ya hapo ardhi inakauka na kijiwe kinajaa. Ndipo wengine wanapopanda basi kwenda Arusha kutafuta ulinzi wa usiku, na wengine wanaingia Mirerani kuwa wanaapolo, wakichimba kwa ahadi ya mgawo.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye siri ya shida yetu. Miezi yenye kazi nyingi kuliko yote, Januari na Februari, ndiyo pia miezi ya njaa. Ghala limekwisha, mahindi mapya bado ni majani. Mtu maskini anafanya nini? Anaamka alfajiri kwenda kupalilia shamba la mwenzake apate unga wa siku hiyo, huku shamba lake mwenyewe likimezwa na magugu. Atakapovuna atavuna kidogo, na Januari nyingine itamkuta mlango ule ule akiomba kibarua. Mtu akija na takwimu kwamba Januari karibu kila mtu Mbulu ana kazi, atakuwa amesema kweli, na atakuwa ametupotosha. Kwa hiyo nisemapo tuhesabu, sisemi tuhesabu vichwa tu. Tuandike ni kazi ya nani, katika shamba la nani, kwa ujira gani, na ulilipwa lini.

Wataalamu wa dunia nao wana vipimo vyao, na inafaa tuvijue kabla havijatupima. Kwa kanuni ya kimataifa ya mwaka 1982, aliyefanya kazi hata saa moja katika wiki anahesabiwa kuwa na ajira. Mwaka 2013 wakakubaliana kwamba anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake tu asiingizwe katika hesabu ya ajira. Kazi yake ihesabiwe kando. Mama wa Dongobesh anayelima mahindi na maharage ya watoto wake, akachota maji na kukata kuni, anatoka kwenye safu ya wenye ajira. Jirani yake aliyebeba magunia mawili sokoni anaingia. Kanuni hizo zina sababu zake, ila daftari la kijiji liwe na nafasi ya wote wawili.

Hasara ya kutohesabu tumeiona kwa macho. Miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, yaliyofikia kiasi cha ekari 100,000. Yalikuwa malisho ya Wabarbaig. Sifa zilizovuma zilikuwa za tani, za matrekta na za kombaini. Na kombaini, kama mjuavyo, haihitaji wavunaji. Wafugaji waliobanwa hawakuonekana kuwa wamepoteza kazi, kwa sababu kuchunga hakukuhesabiwa kuwa kazi. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na Mahakama Kuu ikawasikiliza, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi wao juu ya ardhi: hawakuwa wamethibitisha haki yao. Watu ambao mambo yao hayajaandikwa wathibitishe kwa kitu gani?

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliposhuka juu ya Katesh na Gendabi, tuliwahesabu marehemu, zaidi ya 80, na tukahesabu nyumba. Ilikuwa haki. Lakini fundi cherehani aliyezikiwa cherehani yake, au kijana wa duka ambaye duka halipo tena, angeonyesha ukurasa upi kwamba mwezi uliotangulia alikuwa mtu wa kazi?

Nasikia mtu akisema: mtendaji wa kijiji ana mzigo tayari, mnamwongezea mwingine? Ni kweli ana mzigo. Lakini halmashauri ya kijiji hukutana kila mwezi kwa sheria, na wenyeviti wa vitongoji wanazijua kaya zao kwa majina. Kazi ya jioni mbili si dhuluma, hasa wakipewa posho ya haki. Mtakwimu wa mkoa awafundishe namna ya kuuliza, ili hesabu ya Haydom ilingane na ya Endasak. Mwingine atasema wenye mashamba wataficha ujira. Wataficha, bila shaka! Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, na anayelipa kibarua kwa ekari hapendi mtu apige hesabu ya siku alizotumia. Basi aulizwe kibarua mwenyewe.

Nanyi vijana, msimkimbie mwenye daftari mkidhani amekuja kutafuta mchango. Wengi wenu mnalalamika kwamba mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, huwafikia wale wale kila mara. Mkitaka kulipinga hilo mbele ya diwani, nendeni na ukurasa unaoonyesha ni vijana wangapi wa kitongoji chenu walikaa bila kazi Oktoba.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Katika mkutano ujao asimame mtu mmoja tu, aombe jambo hili liingizwe kwenye ajenda. Tuanze na kata moja Hanang na moja Mbulu, kwa daftari la kawaida la dukani, na tuanze kabla ya mavuno ya mbaazi, maana hapo ndipo mabishano ya ujira huwa makali.