Mkate wa kumimina na jiko la gesi

Wiki hii tuache siasa kidogo, wadau. Au tusiziache kabisa, maana hata mkate una siasa yake. Nataka kuzungumzia mkate wa kumimina, na nasema waziwazi: sisi vijana tuliosoma, tunaoishi kwenye vyumba vya kupanga vyenye jiko la gesi, tujifunze kuupika sasa hivi. Wanaume kwa wanawake. Nikisema sasa hivi nina sababu, nitaifikia.

Kwa waliokulia mbali na pwani, nieleze kidogo. Mchele unalowekwa usiku kucha, unachujwa maji, unasagwa laini kwa tui zito la nazi, pamoja na sukari, iliki na hamira. Unaachwa uumuke. Kisha unamiminwa (ndiyo asili ya jina) kwenye sufuria iliyopakwa samli na kupata moto, unafunikwa, na makaa yanapangwa juu ya mfuniko. Chini makaa machache, juu mengi. Hakuna ngano hata chembe. Ni ndugu wa kitumbua, rojo karibu ni lilelile, chombo tu ndicho kinachowatenganisha. Wengine wanauita mkate wa sinia. Kwetu Tanga, futari ya Ramadhani isiyo na kipande cha mkate huu inaliwa, lakini watu wanaulizana kulikoni.

Sasa sababu yenyewe. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa miaka kumi. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mimi naunga mkono, tena bila unafiki. Bibi yangu ana miaka 81, na nusu ya miaka hiyo ameipitisha akipuliza moto. Kikohozi chake nakijua. Mtu anayeutetea mkaa kwa jina la utamaduni, mara nyingi si yeye anayeupuliza.

Lakini huu mkate ulibuniwa kwa moto wa juu. Na gesi, jamani, haikai juu ya mfuniko. Ukiuweka mkate wa kumimina kwenye jiko la gesi vivi hivi, chini unaungua na juu unabaki mweupe na mbichi. Wataalamu wa mkakati wana mitungi na ruzuku za kuhangaikia, hawawezi kukaa kikao cha mfuniko. Mfuniko ni juu yetu. Na muda tulionao ni ule ambao wanaojua mkate huu kwa mkaa bado wapo na bado wana nguvu za kusimama jikoni.

Nikaenda Tanga na mizani ndogo ya jikoni. Nimesomea kuhoji watu chuo kikuu, na nimewahoji wakubwa wasiotaka kujibu, ila hakuna mahojiano magumu kama ya bibi anayepika. Kila swali jibu ni "kiasi". Sukari kiasi gani? Kiasi. Tui? Mpaka utakapoona limetosha. Ikabidi kila anachotaka kumwaga nikikinge kwanza kwenye bakuli nipime. "Mume wangu," akaniambia, "utapima mpaka adhana."

Daftari langu likasema hivi: mchele nusu kilo, tui zito mililita 400, sukari gramu 180, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki punje nane, ute wa yai moja. Kiasi chake kilikuwa na namba muda wote, ila aliihifadhi mkononi.

Namba peke yake haitoshi, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Ngano ina ule mnato unaoshika hewa ya hamira, ndiyo maana unga wake unavutika. Mchele hauna. Mapovu yakishatoka hakuna wa kuyashika. Bibi anafanya nini? Anachota rojo kidogo, analipika uji mzito, anaupoza na kuurudisha kwenye rojo lililobaki kabla halijaumuka. Uji ule ndio unaoshikilia mapovu. Ute wa yai anaupiga na kuutia mwishoni kabisa, kwa mkono mwepesi, na baada ya hapo hataki mtu akoroge. Hajawahi kusikia neno kemia kwa maana tunayoijua sisi, lakini anajibu swali la kemia kila Ijumaa.

Ofisini nilipowasimulia wenzangu, swali la kwanza lilikuwa, "Kwani huna mchumba?" Hili nalo nina ugomvi nalo. Katika jiji hili mwanaume akikaanga chipsi au akisukuma chapati barabarani anaitwa mjasiriamali. Akiloweka mchele kwake, anaulizwa kama ana matatizo. Maana yake kazi ni ya heshima ikiwa na pesa, isipokuwa na pesa tunawaachia bibi zetu. Halafu bibi akiondoka tunaandika kwamba utamaduni unapotea.

Wapo watakaosema, kwa nini nisinunue? Nanunua. Yule mama wa karibu na kituo cha daladala ana watoto wa kusomesha, na vitumbua vyake sivijadili. Ila ninaponunua napata kitumbua tu, ujuzi unabaki kwake. Naye anapika kwa mkaa.

Nilichofikia mpaka sasa ni hiki. Oveni ya umeme inafanya kazi, nyuzi 180, kama dakika 35, ingawa juu panakauka kidogo kwa walaji wagumu kama mimi. Kwa gesi yenye majiko mawili: sufuria moto mdogo kabisa, na kwenye jiko la pili kikaango kizito cha chapati kipate moto mkali. Mkate ukianza kushika pembeni, ondoa mfuniko, funika kwa kikaango kile, upande uliopata moto uangalie ndani. Kikipoa kipashe tena, mara mbili au tatu. Tumia kitambaa kinene, chuma kile hakina urafiki. Juu panapata rangi ya kahawia, siyo ile ya makaa, lakini rangi.

Kipande cha mwisho nilikituma Tanga kwa basi. Bibi alikionja, akakigeuza akatazama chini, kisha akapiga simu kuuliza hamira niliitia saa ngapi.