Mnyama Alisahihishwa, Watu Je?

Mnamo mwaka 1912 Edgar Rice Burroughs, Mmarekani ambaye hakupata kufika Afrika, alitoa katika gazeti hadithi yake ya Tarzan. Ndani ya msitu wetu alimtia chui-milia, mnyama wa Asia. Kitabu kilipotoka mwaka 1914, kosa hilo lilikuwa limekwisha sahihishwa: chui-milia amegeuzwa simba jike. Lakini wanakijiji Waafrika waliachwa vile vile, walaji wa watu. Mnyama alipata haki yake, watu hawakuipata.

Basi, wanafunzi wenzangu, yafaa tufundishwe darasani kuuliza mbele ya kila sinema na kila habari: Ni nani asemaye? Alifika huko? Na yule asimuliwaye, amepewa nafasi ya kusema?

Wala tusiwaulize wageni peke yao. Katika vichekesho vyetu wenyewe, mara nyingi Mmasai ni mlinzi tu, na mtu wa shamba ni mjinga, nasi hucheka. Tukiyakataa ya Tarzan na kuyapokea haya, elimu yetu itakuwa imetufaa nini?