Mkono Unajua, Karatasi Haijui: Mafundi Umeme Wetu na Safari za Ughaibuni

Haipiti Ijumaa, baada ya swala, bila kijana mmoja au wawili kutufuata barazani kutaka ushauri. Awe ametoka Mbagala, Tandika, Magomeni au Tegeta, maelezo yake hayatofautiani na ya mwenzake. Ni fundi umeme. Ana ndugu au rafiki Muscat, Dubai au Riyadh aliyemwambia kuwa kazi ipo, nauli imekwishaanza kuchangwa na mama amekwishauza kiwanja. Tukimuuliza ana cheti gani, hutazama chini. Ana koleo, bisibisi, tesita na miaka minane ya kupanda darini. Karatasi hana.

Tuseme wazi kuwa kijana huyu si mbumbumbu. Nyumba nyingi tunazolala katika vitongoji hivi zimefungwa nyaya na mikono kama yake. Alianza akiwa mwanagenzi wa fundi mkuu, akachimba kuta, akapitisha mabomba, akafunga swichi na soketi, mpaka siku moja akaachiwa bodi peke yake. Hiyo ni elimu, na ndiyo njia ambayo wazee wetu waliutumia kurithisha useremala, uashi na uundaji wa majahazi. Lakini mwajiri wa Ghuba hamjui fundi mkuu wa Tandika. Anachokijua ni kile kilichoandikwa. Aliyeandikwa fundi umeme hupewa mkataba wa fundi, na asiyekuwa na cha kuonesha huandikwa kibarua, kisha hupewa kazi ya fundi kwa ujira wa kibarua. Akilalamika huoneshwa mkataba alioutia saini mwenyewe.

Hapa ndipo shetani anapopata nafasi. Wapo watu mjini wanaochapisha vyeti kama wanavyochapisha kadi za harusi. Kijana huambiwa kuwa kila mtu anafanya hivyo, na kwamba kwa kuwa kazi anaijua kweli, cheti hicho si uongo bali ni njia ya mkato. Huo ni uongo, na tena ni uongo ulioandikwa na kupigwa muhuri. Balozi na wizara za nje huuliza kwa aliyekitoa, na jibu likirudi kuwa namba hiyo haimo katika daftari, safari imekwisha na jina limechafuka. Kibaya zaidi ni pale kinapopita. Atakapokuja fundi wa haki kutoka mtaa uleule, karatasi yake nayo itashukiwa.

Tusijifanye kwamba tabia hii imeanzia uwanja wa ndege. Imeanzia hapahapa kwetu. Nani asiyejua kuwa anayeomba kuunganishiwa umeme na TANESCO hutakiwa mchoro wa nyaya uliothibitishwa na mkandarasi mwenye leseni, na kwamba wapo wenye leseni wanaouza muhuri bila kuikanyaga nyumba yenyewe? Aliyefunga nyaya hana jina, na mwenye jina hakufunga. Kijana amefanya kazi miaka minane, lakini kila mchoro una sahihi ya mtu mwingine, na leo anapotakiwa kuthibitisha uzoefu wake hana hata nyumba moja inayomtambua. Kuuza muhuri ni kula amana, hata kama muuzaji anakaa safu ya mbele msikitini.

Sasa, njia ya haki ipo, na tunashangaa kwa nini haizungumzwi vya kutosha. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi hupimwa kwa vitendo na kwa maswali, mapungufu yake huoneshwa na kuzibwa, kisha hutunukiwa cheti kinacholingana na ujuzi alioonesha. Kwa wakazi wa Temeke, chuo cha Chang'ombe ni mwendo wa daladala moja. Ama leseni ya ufungaji umeme ya EWURA ni jambo jingine, nayo ina madaraja yake. Inamruhusu mtu kufanya kazi humu nchini na haimfanyi kuwa na haki hiyo Oman wala Uingereza, lakini ni ushahidi mzito kwa anayesoma maombi yake.

Cheti kikishapatikana kazi haijaisha, na hapa wengi hukwama kwa jambo dogo mno, nalo ni jina. Cheti kinasema Mohamedi Ally, hati ya kuzaliwa ya RITA inasema Muhammad Ali, pasipoti ina majina matatu. Kwetu ni mtu mmoja, kwa karani wa ubalozi ni watu watatu. Hati kiapo husaidia mara nyingine, lakini wepesi ni kuyaoanisha majina kabla ya kufanya mtihani. Baada ya hapo kuna uhakiki wa aliyetoa cheti, muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, ubalozi wa nchi iendewayo, na mara nyingi tafsiri ya Kiarabu. Mambo haya huchukua muda, na haifai kuyaanza tikiti ikiwa mfukoni.

Na nchi hazilingani. Saudi Arabia ilianzisha mwaka 2021 mpango wa kuwapima mafundi kabla hawajaingia, na fundi umeme alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuhusishwa. Australia humtaka fundi apimwe kwanza, kisha afanye kazi chini ya usimamizi na kusoma yaliyopungua, ndipo apate leseni kamili. Marekani haina leseni moja kwa nchi nzima. Hata hapa Afrika Mashariki, pamoja na soko la pamoja lililoanza mwaka 2010, makubaliano ya kutambuana yalianza na wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Fundi wa mkono hakuwa na wa kumsemea.

Wala wanaopima hawapimi kwa dhuluma tupu. Mafundi wetu wengi wamejifunza rangi za zamani za Kiingereza, nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Uingereza yenyewe iliziacha kati ya mwaka 2004 na 2006. Katika mpangilio mpya wa nyaya za njia tatu, nyeusi ni moto na buluu, iliyokuwa moto, ndiyo nyutro. Fundi asiyelijua hili ataua mtu, au atakufa yeye, na uzoefu wa miaka minane hautamwokoa. Saudia nako umeme una mizunguko 60 kwa sekunde, si 50 kama wetu, na mota ya huku ikifungwa kule huzunguka kwa kasi nyingine. Mtihani huulizia mambo kama haya.

Lawama ya mwisho ni yetu sisi wenyewe. Tumefungua vituo vya ufundi pembeni mwa misikiti, tukanunua mbao, nyaya na swichi chache, tukawafundisha vijana miezi sita na kuwapa vyeti vyenye mhuri wa kituo. Tulifanya kwa nia njema. Lakini kituo kisichosajiliwa NACTVET hutoa karatasi isiyovuka hata mto Kizinga, seuze bahari. Wazazi walilipa ada wakiamini vingine, nasi hatukuwaambia. Kamati zinazoendesha vituo hivyo ziache kuandikisha wanafunzi wapya mpaka usajili ukamilike, na wale waliokwishahitimu wapelekwe kupimwa Chang'ombe, gharama ikitoka katika mfuko wa kituo na si kwa mzazi mara ya pili.

Na kila msikiti uanze kwa daftari moja: jina la fundi kama lilivyo katika hati ya kuzaliwa, mwaka alioanza kazi, aliyemfundisha, na nyumba alizofunga kwa mkono wake. Mafundi wakuu wangali hai, na saini zao zichukuliwe sasa.