Bei Hutangazwa Pampuni, Hulipwa Jikoni

Kila mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar, ijulikanayo kwa ufupi kama ZURA, hutangaza bei za rejareja za mafuta. Tangazo hilo hutaja bei ya lita moja na sababu za kupanda au kushuka kwake: mwenendo wa soko la dunia, gharama za usafirishaji na bima, kodi, na thamani ya shilingi mbele ya dola ya Marekani. Siku hiyo mazungumzo ya barazani na ya kituo cha daladala huwa ni ya nauli. Ni nadra kusikika swali ambalo watu wa afya wangelitanguliza: je, bei hii itamfikia vipi mama mjamzito wa Makunduchi, mtoto mchanga wa Jang'ombe, au mzee mwenye pumu anayeishi ghorofa ya pili ndani ya Mji Mkongwe?

Bei ya nishati ni jambo la afya ya jamii, sawa na maji safi au chanjo. Tena, kinachoiumiza kaya ya kipato kidogo si ughali wa nishati peke yake, bali pia kuyumba kwake. Bei ikiwa kubwa lakini imetulia, kaya huizoea kwa kupanga na kubana. Bei inayopanda mwezi huu na kushuka mwezi ujao huvunja mpango wenyewe, na mpango ukivunjika, wa kwanza kulipa ni mwili wa mwanamke na wa mtoto.

Unguja ni kisiwa, na karibu kila aina ya nishati anayoinunua mkaazi wake imevuka bahari. Petroli, dizeli na gesi ya kupikia huja kwa meli. Sehemu kubwa ya mkaa hutoka Tanzania Bara kwa vyombo vya baharini. Hata umeme unaonunuliwa kwa mita za TUKUZA hupita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, kwa njia ya waya. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980, na wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013. Nishati ya wenyeji ni kuni, makumbi, vifuu na makuti, na hiyo ndiyo yenye moshi mwingi kuliko zote. Kwa hiyo, kila nishati iliyovuka bahari inapopanda bei, kaya hurudi kwenye ile isiyovuka, nayo humsubiri mpishi kwa moshi wake.

Zanzibar imekwisha kuona kwa macho yake namna nishati inavyougusa mwili wa binadamu. Mwezi Mei 2008 hitilafu katika njia ya umeme wa baharini iliiacha Unguja gizani kwa takriban mwezi mmoja. Kisha, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, giza lilirudi kwa muda wa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, na waliomudu walinunua jenereta na petroli ya kuziendesha. Mtafiti wa uchumi Alfredo Burlando alichunguza kumbukumbu za uzazi za hospitali kubwa kisiwani na kugundua kwamba watoto ambao mama zao walikuwa katika miezi ya mwanzo ya ujauzito wakati wa giza la 2008 walizaliwa wakiwa na uzito mdogo zaidi, na uwezekano wa mtoto kuzaliwa na uzito pungufu uliongezeka. Maelezo aliyoyapendekeza yalihusu kipato: wafanyakazi ambao kazi zao zilitegemea umeme walipoteza saa za kazi na ujira, na huenda chakula cha wajawazito kikapungua. Mwezi mmoja tu wa mtikisiko wa nishati ulitosha kuacha alama kwenye mizani ya wodi ya wazazi miezi kadhaa baadaye.

Giza la mwaka 2008 lilikuwa la ghafla na lilionekana na kila mtu. Kuyumba kwa bei hakuonekani kwa namna hiyo, lakini hupita katika milango ileile, nayo ni mitatu.

Mlango wa kwanza ni moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Maradhi yanayohusika ni maradhi ya moyo, kiharusi, nimonia, maradhi sugu ya njia ya hewa na saratani ya mapafu. Katika Mji Mkongwe hatari hiyo ina sura yake. Nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya familia moja zinakaliwa na familia kadhaa, na jiko la mkaa huwekwa ukumbini, kwenye ngazi au katika chumba chenye dirisha moja linalotazama uchochoro. Mkaa hautoi moshi mwingi unaoonekana, na hilo huwadanganya watu wakadhani ni salama, ilhali hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua katika chumba kilichofungwa. Mafuta ya taa nayo yana madhara yake, kwani moshi wa kibatari huingia mapafuni, moto wake huunguza, na chupa ya soda iliyotiwa mafuta hayo humvutia mtoto mdogo akanywa.

Mlango wa pili ni chungu. Fedha ya nishati na fedha ya chakula hutoka katika mfuko mmoja. Dizeli ikipanda, hupanda gharama ya kuleta mchele na unga kwa meli, kuleta mboga kutoka shamba hadi sokoni, na kuendesha mashine ya boti ya mvuvi. Mama wa nyumba hupambana na ongezeko mara mbili, kwanza katika bei ya chakula na pili katika bei ya kukipika. Vyakula vinavyochukua muda mrefu motoni, kama vile maharage, mbaazi na kunde, huanza kuachwa, na hivyo ndivyo vyenye protini na madini ya chuma kwa bei nafuu. Mahali pake huchukuliwa na mkate na chai. Daktari anayemwambia mjamzito mwenye upungufu wa damu ale kunde atakuwa amempa ushauri sahihi, lakini ushauri huo una gharama ya mkaa wa saa mbili.

Mlango wa tatu ni njia. Huduma inaweza kutolewa bila malipo katika kituo cha afya, lakini nauli ya kukifikia hailipwi na mtu mwingine. Kwa familia ya Nungwi au Kizimkazi yenye mgonjwa anayetakiwa kurudi Hospitali ya Mnazi Mmoja kila mwezi kwa ajili ya kisukari au shinikizo la damu, nauli ikipanda, miadi huahirishwa. Mgonjwa wa aina hiyo haanguki siku aliyokosa miadi. Huanguka baadaye, na aghalabu hakuna anayeuhusisha mwanguko huo na bei ya petroli.

Katika milango hii mitatu, kuyumba kwa bei hutenda kazi mbaya ya pekee. Kaya iliyokwisha kununua mtungi wa gesi wa kilo 6 inahesabiwa kuwa imehamia kwenye nishati safi. Lakini mtungi hujazwa kwa fedha nyingi kwa mara moja, na mkaa huuzwa kwa kopo. Mwezi ambao nauli na mchele vimepanda pamoja, fedha ya kujaza mtungi haipatikani, lakini fedha ya kopo la mkaa hupatikana kila siku. Mtungi huwekwa pembeni na jiko la mkaa hurudi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mnunuzi wa mkaa methali hiyo hugeuka, kwani haba anazotoa kila siku humtoka bila ya yeye kujaza kitu, na mwisho wa mwezi huenda amekwisha kulipa bei ya mtungi au zaidi ya hapo. Anayelazimika kununua kidogo kidogo hununua kwa bei ya juu.

Uaminifu wa kitaaluma unadai kutaja pia jambo lisilopendeza. Jaribio kubwa lililofanyika Guatemala, India, Peru na jirani yetu Rwanda, likihusisha wajawazito wapatao 3,200, liliwapa nusu yao jiko la gesi pamoja na gesi ya bure kwa miezi 18. Moshi waliouvuta ulipungua sana. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 na 2024 hayakuonyesha tofauti ya kutosha katika uzito wa watoto waliozaliwa wala katika nimonia kali. Wapo watakaosema kwamba basi habari ya gesi na mkaa imekuzwa kupita kiasi. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, jaribio hilo halikuondoa moshi wa jirani wala wa barabarani, na halikupima maradhi ya moyo na mapafu yanayojengeka kwa miaka mingi. Pili, na hili ndilo lenye uzito zaidi kwa watunga sera, jaribio lilionyesha kwamba gesi ilipokuwa ya bure na ya uhakika, karibu familia zote ziliacha kuni. Ile kauli ya kwamba watu wanang'ang'ania mkaa kwa sababu ya mila au ladha ya chakula haina nguvu mbele ya ushahidi huo. Sehemu kubwa ya kinachoitwa mila ni hesabu ya fedha.

Itasemwa pia kwamba Serikali haina uwezo juu ya bei ya dunia. Hilo ni kweli, lakini si kuyumba kote kunatoka nje. Kenya ilirejesha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya gesi ya kupikia mwezi Julai 2021, ikaipunguza hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaiondoa mwaka 2023. Ndani ya miaka mitatu mpishi wa Mombasa alibadilishiwa hesabu mara tatu kwa maamuzi ya ndani. Kwa upande mwingine, ruzuku ya jumla nayo ina kasoro. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, Serikali ya Muungano ilitenga shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni ili kupunguza bei ya mafuta. Hatua hiyo ilileta nafuu ya haraka, lakini ruzuku ya lita humfaidi zaidi anayenunua lita nyingi, na mwenye magari mawili hupata zaidi ya asiyekuwa na hata baiskeli.

Linalohitajika ni utulivu unaolengwa jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo lisipimwe kwa idadi ya mitungi iliyogawiwa, bali kwa idadi ya mitungi iliyojazwa tena mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Kodi na tozo za gesi ya kupikia zipangwe kwa miaka kadhaa mbele bila ya kuguswa kila bajeti. Gesi iuzwe kwa kipimo kidogo kupitia mita za malipo ya kabla, ili ishindane na kopo la mkaa kwa masharti ya kopo. Umeme nao usisahauliwe. Jungu la umeme la presha hupika maharage kwa chini ya uniti moja, na taasisi ya TaTEDO ya Dar es Salaam imekuwa ikilitangaza kwa muda. Uniti za TUKUZA tayari hununuliwa kidogo kidogo, na kikwazo kilichobaki ni bei ya jungu lenyewe, ambayo mkopo mdogo wa kikundi cha akina mama unaweza kuibeba.

ZURA inaweza kuongeza mstari mmoja katika tangazo lake la kila mwezi: gharama ya kupika chungu kimoja cha maharage kwa mkaa, kwa gesi na kwa umeme. Mstari huo ungempa mama wa nyumba uwezo wa kulinganisha, na ungewalazimisha wenye mamlaka kuiona bei mahali inapolipwa.

Sekta ya afya ina wajibu wake pia. Katika kliniki ya wajawazito mhudumu huuliza juu ya chandarua, vidonge vya madini ya chuma na chanjo. Aongeze maswali mawili mafupi: unapikia nini, na mwezi uliopita ulirudi kwenye mkaa au kuni kwa siku ngapi? Majibu hayo yakikusanywa shehia kwa shehia na kuwekwa kando ya bei za kila mwezi, Zanzibar itakuwa na ushahidi wake wenyewe na haitahitaji kusubiri giza jingine ili ijue nani anaumia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakaazi 1,889,773 katika visiwa hivi. Wengi wao hawamiliki gari, lakini wote hula chakula kilichopikwa, na kwa kila bei mpya itakayotangazwa, wapo miongoni mwao watakaolipa kwa pumzi.