APIMWAVYO MWALIMU NDIVYO ATAKAVYOPIMA

Kwa miaka mingi Wilaya ya Kinondoni imekuwa makazi ya Baraza la Mitihani na ya Taasisi ya Elimu, na Wilaya ya Temeke, pale Chang'ombe, imekuwa makazi ya chuo cha walimu, ambacho tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Anayetunga mtaala, anayetunga mtihani na anayemfunza mwalimu ni majirani wa mji mmoja. Toka kwao hadi Mbagala au Chamazi ni safari ya basi moja au mawili tu. Lakini yanayosemwa huku na yanayotendeka kule hayajakutana bado, na anayelipa gharama ya utengano huo ni mtoto wa mfanyakazi.

Mwanachuo wa ualimu wa leo hufundishwa mambo mengi mema juu ya jinsi mtu ajifunzavyo. Huelezwa habari za Skinner, Mmarekani aliyeshikilia kuwa kiumbe hujifunza kwa kutuzwa atendapo vema. Huelezwa habari za Piaget, Mswisi aliyeonyesha kuwa mtoto huujenga ufahamu wake mwenyewe kwa kushika vitu na kuvijaribu, wala si mtungi unaongoja kujazwa maji. Huelezwa pia habari za Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37 tu, aliyesema kuwa jambo aliwezalo mtoto leo kwa kusaidiwa ataliweza kesho peke yake. Tena huonyeshwa ngazi ya maarifa ya Bloom ya mwaka 1956, ambayo kukumbuka ndiyo daraja yake ya chini kabisa.

Hatuna ugomvi na elimu hiyo. Ugomvi wetu uko katika namna mwanachuo anavyopimwa. Mara nyingi huulizwa ataje mambo matano yaliyo bora katika nadharia ya Skinner na matano yaliyo dhaifu. Akiyataja kama yalivyo katika daftari lake, hupewa maksi zake zote na kuhesabiwa kuwa amefuzu. Ameusifu uwezo wa kufikiri kwa njia ya kukariri! Ngazi ya Bloom ameieleza yote tangu chini hadi juu, naye mwenyewe hakuondoka daraja ya kwanza. Je, mtu huyo akikabidhiwa darasa atawapima watoto kwa njia gani, ikiwa hiyo ndiyo njia pekee iliyomletea cheti?

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwezi wa Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliionya nchi kuwa mitihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyaandika kwa saa iliyowekwa. Haifaulu kila mara kupima uwezo wa kufikiri, na kwa hakika haipimi tabia wala moyo wa kuwatumikia wenzako. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwezi wa Novemba 1974 ilitaka kazi za kila siku nazo zihesabiwe, na tangu mwaka 1976 maksi za kazi hizo zikaanza kuunganishwa na za mtihani wa mwisho katika shule za sekondari. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini katika shule nyingi upimaji huo endelevu uligeuka ukawa mtihani ule ule, uliofanywa mdogo na kurudiwa mara nyingi. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ukabadilishwa, ikasemwa kuwa sasa tunafundisha umahiri. Yaliyofuata twayakumbuka: mwaka 2012 ilibainika kuwa maelfu ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika, na katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka huo huo, watahiniwa kama sita katika kila kumi walipata sifuri.

Twaambiwa sasa kuwa mtaala mpya, ulioanza kutumika mwaka 2024, utamfanya mtoto atende badala ya kusikiliza tu. Twaupokea kwa mikono miwili. Hata hivyo twataka msomaji aingie pamoja nasi, kwa fikra, katika darasa la tatu lenye watoto 120, nao wanasoma kwa zamu. Serikali yenyewe imeweka kiwango cha mwalimu mmoja kwa watoto 45.

Mwalimu ameandika ubaoni: 52 kutoa 27. Mtoto mmoja anajibu 35. Mwalimu anatia mkasi mwekundu na kwenda kwa mwingine. Mkasi huo haukumfunza mtoto neno lolote. Mtoto huyu hakukisia. Ana kanuni yake kichwani, nayo ni kutoa tarakimu ndogo katika kubwa popote zilipo: 7 kutoa 2 ni 5, na 5 kutoa 2 ni 3. Kesho ataleta kosa lile lile, na mwaka ujao pia, mpaka atokee mtu wa kumwuliza amelipataje jibu lake. Swali hilo moja ndilo upimaji unaojenga, na ndilo Piaget na Vygotsky wanalolihimiza katika vitabu vyao vinene.

Lakini hesabu nyingine nayo ipo. Mwalimu akitumia nusu dakika kwa kila daftari, madaftari 120 yatamla saa nzima, na kipindi ni dakika 40. Anayemlaumu mwalimu huyo kwa uvivu na aende akajaribu.

Je, hakuna njia? Ipo, japo haitoshi. Mwalimu aweza kuandika ubaoni majibu matatu, moja likiwa 35, akawataka watoto wote wainue kidole kimoja, viwili au vitatu. Kwa dakika moja atajua ni wangapi wana kanuni ile potovu na wameketi wapi. Jambo hilo halihitaji fedha ya msaada wala mashine. Lahitaji mwalimu aliyefunzwa kuyatabiri makosa ya watoto kabla hayajatokea, na ufunzi wa namna hiyo haupatikani kwa kuandika imla ya nadharia.

Kwa hiyo twasema wazi kuwa vyuo havina budi kubadili mitihani yao kwanza. Mwanachuo na apewe madaftari ishirini ya watoto wa Temeke, aeleze kila kosa limetoka wapi na kesho atafundisha nini. Mazoezi ya kufundisha yafanywe katika madarasa yaliyojaa kama yale atakayopangiwa, na maksi zake ziwe na uzito. Siku hizi mkufunzi hufika mara chache, akatazama andalio la somo na zana zilizobandikwa ukutani, kisha akaondoka. Wakaguzi nao, ambao sasa huitwa wathibiti ubora, waulize watoto wamejifunza nini kabla ya kuuliza azimio la kazi limefika ukurasa gani.

Na sisi wazazi tusijitoe. Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, nasi tuliona ni uamuzi wa busara; lakini katika mikutano ya kata bado swali la kwanza kwa mwalimu mkuu ni wastani wa shule. Mwalimu anayeulizwa wastani atatengeneza wastani, hata kwa kuwakaririsha watoto majibu ya mitihani ya miaka iliyopita hadi jioni, na tuisheni juu yake.

Kwa mpango uliotangazwa, mwaka 2027 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza shule ya msingi pamoja, na makundi hayo mawili yataingia sekondari kwa wakati mmoja, kujifunza kwa Kiingereza yale waliyozoea kuyafikiri kwa Kiswahili. Walimu watakaowapokea wamo vyuoni hivi sasa. Twavitaka vyuo viseme mapema, kabla wanachuo hao hawajafanya mtihani wao wa mwisho, ni maswali mangapi katika mtihani huo yatawataka wafikiri.